Kodi ya Daraja

Kaka yangu Muthamia hakuiba. Hili naliweka mbele kabisa, maana midomo ya watu naijua. Hakuiba, hakudanganya, hakumpa mtu hongo. Serikali ilisema wazee wasilipe, na kwa hesabu yetu yeye alikuwa mzee, basi hakulipa. Ukitaka kumshika kwa sheria huna pa kumshikia. Mimi mwenyewe nilijaribu, na mimi Ntinyari nikitaka kumshika mtu si kazi ndogo kwake kuponyoka.

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikipigana na watu wa msituni. Kwetu Muthara tulikuwa tumejidanganya kwamba vita ni vya wenzetu wa Embu na wa kule chini ya Mlima, walioishi mlangoni kwa msitu. Sisi shida yetu ilikuwa vipande vya kutembelea, zile karatasi za ruhusa, na homgadi, askari wa kijijini wa serikali, wa kuviangalia. Kisha asubuhi moja daraja la mbao, lile lililovusha malori ya miraa, vijiti vyetu vya kutafuna, likakutwa limekuwa majivu. Nani alilichoma? Mpaka leo sijui, na anayesema anajua mwogopeni.

Bwana DO, mzungu mkuu wa tarafa, alikuja na askari, akatukusanya uwanjani kwa chifu. Alisema daraja limechomwa kwenye kilima chetu, kwa hiyo kilima kizima kitalilipia. Akataja jumla ya pesa, jumla kubwa, na akasema haitapungua hata senti. Wanaume watagawana kwa vichwa, kila kichwa fungu lake. Atakayeshindwa atapelekwa kambini kuvunja mawe ya barabara. Wanawake hawatahesabiwa. Wazee nao hawatahesabiwa, kwa kuwa serikali ina huruma.

Yote yalianzia hapo, kwenye huruma hiyo.

Mzungu akisema mzee, macho yake yanaona mvi na mgongo uliopinda. Kwetu Wameru mzee ni rika. Mliotahiriwa kisu kimoja ni rika moja, na rika likipanda kuwa la wazee linapanda lote, mwenye meno na kibogoyo. Majina ya marika yetu siyataji, wenyewe wapo na wana masikio. Nitasema rika la mbele na rika la nyuma, na mtanielewa. Bwana DO aliwauliza washauri wake, hapa nani ni mzee? Wakamjibu kweli tupu, kwamba rika la mbele ni wazee, na wote waliolitangulia. Yule bwana akaandika hivyohivyo, bila kuinua kichwa atazame ni watu gani wameketi mbele yake.

Sasa niwaeleze habari ya nyumba yetu, kisha tuendelee. Baba alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alimzaa Mithika. Mama yangu, mke mdogo, alimzaa Muthamia, kisha akanizaa mimi. Mithika na Muthamia walizaliwa msimu mmoja wa mtama, na walinyonya kwa mama yeyote aliyekuwa ameketi karibu. Walipofikia umri wa kisu, mwiko wa nyumba yetu ulikuwa kwamba damu ya ndugu wawili haimwagiki msimu mmoja. Mmoja lazima angoje. Zamu ilikuwa ya Mithika, mtoto wa nyumba kubwa. Lakini mama yangu alikuwa mgonjwa, anakohoa kitandani, na kilio chake kilikuwa kimoja tu, amwone mwanawe akiwa mwanamume kabla hajafumba macho. Mithika akamwendea baba akamwambia ampeleke Muthamia kwanza, yeye atangoja msimu ujao.

Msimu ujao haukuja. Rika lilionekana limejaa, wazee wakakifunga kisu, na kilipofunguliwa tena ilikuwa imepita miaka na rika lilikuwa jingine. Miaka yote hiyo Mithika alikaa mvulana, ndevu zimemjaa kidevuni. Kwetu asiyetahiriwa hana shamba, hana mke, hana neno. Muthamia akaoa. Muthamia akapewa miti ya miraa ya baba, ile mizee tunayoiita mbaine, ambayo wanunuzi huifuata kwa miguu. Mithika alipokuja kuwa mwanamume, kilichokuwa kimebaki ni mteremko wa mawe na baraka za baba. Sisemi alidhulumiwa. Nasema tu mambo yalivyokuwa. Na mama yangu alikufa akicheka, hilo pia ni kweli.

Basi siku ya kugawana ilipofika, chifu akasema wazee wapande upande wa mabenchi, wenye kulipa wabaki uwanjani. Rika la mbele likainuka. Akainuka Mutugi, mwenye ng'ombe wengi kuliko majani. Akainuka huyu na yule, na kila aliyeinuka alikuwa na shamba lililonyooka, maana hao ndio waliofika kwenye mali kwanza. Akainuka Muthamia, ndani ya koti lake la kununua Meru mjini, bado ana nguvu za kupanda mti wa miraa mpaka ncha. Waliobaki juani ni rika la nyuma na wadogo zao: vibarua, wapangaji, wenye mteremko kama wa Mithika. Alikuwamo na Rwamba, mtu aliyekimbia matata ya Kianjokoma, kule Embu, akaja kuoa kwetu, ambaye mali yake yote ilikuwa mbuzi mmoja na maneno mengi.

Jumla ni ileile, haipungui. Waliotoka wametoka, na mafungu yao hawakuyabeba, wameyaacha pale uwanjani. Karani akagawa upya, na fungu la kila mtu likawa karibu mara mbili ya lilivyokuwa. Niliona uso wa Mithika. Alikohoa tu, akaweka mkono kifuani.

Kifua hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Alikipata kwenye mashamba ya mkonge, alipokwenda kutafuta mahari akiwa mtu mzima tayari. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia wazi akae mbali na vumbi. Na kambini kazi ilikuwa nini? Kuvunja mawe. Kila mtu kilimani alijua kwamba Mithika akienda kule hatarudi kwa miguu yake. Mkewe, Kiende, alijua. Muthamia alijua.

Nikaenda kwa Muthamia. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwetu, mume wangu akiwa kizuizini, nikiishi kwa kuuza ndizi na tumbaku sokoni Maua. Kiswahili hiki mnachokisikia nilikiokota hukohuko, kwa wake wa wachuuzi Waislamu. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake anafunga miraa kwa maganda ya mgomba. Sikusubiri uji. Nilimuuliza haoni haya kukaa benchi moja na vikongwe waliombeba mgongoni akiwa mtoto.

Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikera. Alisema yeye hakuitunga sheria. Hakuwaambia wazungu waulize marika, na hakuwaambia wazee wajibu. Aliitwa upande huu akaja upande huu. Halafu akaniuliza kama mimi, nikikutwa sokoni siku ambayo ushuru hautozwi, huwa namfuata mtoza ushuru nyumbani kumpelekea. Kweli, simfuati. Nani humfuata?

"Na fungu lako liko wapi?" nikamwambia. "Halikuyeyuka, mtoto wa mama. Limebebwa na Mithika."

Kisha akaeleza lililokuwa likimsumbua hasa. Akilipa, alisema, atakuwa ametangaza mbele ya watu kwamba yeye ni rika la nyuma. Rika lake litamtoza fahali, na baada ya fahali halitamwita tena kwenye kikao chochote. Atakuwa mwanamume asiye na rika, na mtu wa namna hiyo kwetu hata salamu hupewa kwa shingo upande. Lakini Mithika ni ndugu yake, na hatamwacha. Atamlipia fungu lake lote, kimyakimya, na mambo yaishe.

Jamani, nilifurahi. Naweza kusema niliruka. Nilishuka mteremko mbio kwenda kumwambia Mithika, na Kiende aliposikia alikaa chini akafunika uso kwa nguo akamshukuru Mungu.

Mithika akakataa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kiende alidhani mumewe ameingiwa na homa. Lakini alikuwa na akili zake zote, ameketi juu ya jiwe anapumua kwa shida, na alisema polepole ili asikohoe.

"Akinilipia mimi, amenipa sadaka, na nitamshukuru. Lakini lile fungu lake aliloliacha uwanjani bado liko mgongoni kwa Rwamba na kwa wenzake. Mimi nitakuwa nimeponyoka kama yeye alivyoponyoka. Mwambie asinilipie. Mwambie aje asimame nyuma yangu, atoe lake."

Kiende hakuwa mke wa kunyamaza. Alimwambia kwamba haki haipikwi chunguni watoto wakala. Alimuuliza Rwamba amemfanyia nini hata amwachie watoto wake bila baba. Mimi nikamsaidia, tukamzonga huku na huku kama nyuki. Yeye alitusikiliza mpaka tukachoka. Alisema tu kwamba ujanani alimpisha ndugu yake kwa hiari, na hajawahi kujuta, ila safari hii hakuna aliyemwomba apishe. Nilimchukia siku hiyo, nawaambia. Nilimchukia yeye kuliko Muthamia, kwa sababu wokovu ulikuwa mlangoni na yeye kaufungia.

Siku ya soko nilikwenda Maua na kipande changu, na nikapita kwa Mursal. Mursal ndiye aliyenunua miraa ya Muthamia na kuipeleka mbali kwa lori lake. Mtu mzima mwenye heshima, mzaliwa wa kaskazini, ameishi kwetu mpaka anaota ndoto kwa Kimeru. Nilimwomba amwambie Muthamia asimame na ndugu yake, kwa kuwa neno la mteja huingia pale la dada lisipoingia.

Mursal hakuniahidi kitu. Alinikaribisha chai, akanihadithia habari ya ami yake. Kwao, alisema, mali ikikaa na mtu mwaka mzima inatolewa zaka, na hawaangalii mtu ni wa rika gani, wanaangalia mali. Ami yake alikuwa na ngamia wengi. Kila mwaka ukikaribia kutimia, alimpa mkewe ngamia wote, zawadi halali, mbele ya mashahidi. Mwaka ukivunjika, mke humrudishia zawadi ile, nayo halali. Hivyo hapakuwa na siku ngamia walimkalia mtu mmoja mwaka mzima, na maskini wa mji hawakuona hata kamba.

Nikamuuliza kama masheikh walimkemea. Akasema wengine walimkemea, wengine walisema kwa kitabu hana kosa. Alipokufa alioshwa na kuswaliwa kama Mwislamu yeyote. "Lakini mimi nilikuwapo, mama," akasema. "Maskini walikuja mazikoni wakasimama mbali. Hawakumlaani. Hawakuwa na la kumsemea, hivyo tu."

Sijui kama Mursal alimsimulia Muthamia habari hiyo. Nadhani alimsimulia, kwa maana juma lile Muthamia alipotoka Maua alipita mbele ya nyumba yangu bila kunitania, na hilo halikuwa kawaida yake.

Siku ya kulipa ikafika. Uwanja wa chifu ulikuwa mweupe kwa jua. Meza iliwekwa katikati, karani kaketi, Bwana DO kasimama nyuma yake. Wazee walikuwa benchini, wamekuja kutazama. Mstari ulikuwa mrefu na hauna kelele. Kila aliyelipa alibonyeza kidole gumba kwenye wino akakitia kwenye karatasi, kwamba fungu hili ni langu. Waliokuwa hawana walielekezwa kando, kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Rwamba alikwishaelekezwa. Mithika alikuwa mstarini bado, mikono mitupu, akingoja zamu yake ya kusema sina.

Hapo akaja Muthamia. Alivaa koti lake, kashika fimbo ya uzee kwa mkono mmoja, pesa kwa mwingine. Na mpaka leo nadhani angeokoka kama angefanya kitu kimoja: kwenda mwisho wa mstari. Lakini mzee hasimami nyuma ya vijana, ni mwiko, na miguu yake iliujua mwiko huo kuliko kichwa. Akaupita mstari mzima akaenda moja kwa moja mezani, akaweka pesa, akamwambia karani kwamba amekuja kutoa fungu lake.

Karani akamtazama chifu. Chifu akamtazama Bwana DO, wakanong'onezana. Jibu likaja kwa kinywa cha mkalimani. Bwana anauliza, huyu ni mzee au si mzee? Kama ni mzee, hawezi kuandikwa, arudi benchini. Kama si mzee, aandikwe, alipe sasa, na alipe kila kodi itakayokuja, na jina lake litolewe kwa wazee. Achague.

Benchini Mutugi akakohoa. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba anayekwenda kule aache fimbo huku.

Muthamia alisimama kati ya meza na benchi. Mstari wote ulimtazama, na mimi nilikuwa upande wa wanawake nikijiuma vidole. Kisha Mithika akasema. Hakusema kwa hasira. Alisogea nyuma hatua moja, akaacha nafasi mbele yake.

"Njoo, Muthamia. Nafasi ipo."

Nilimwona ndugu yangu akiitazama nafasi ile. Nilimwona akigeuka kuwatazama wenzake wa benchini, na wenzake wakiangalia pembeni. Nilisema moyoni, ee Mungu, msukume. Badala yake akainama mezani akazisukuma pesa zile kwa karani, akasema: "Basi ziandike za Mithika."

Karani akaita jina la Mithika, aje atie kidole. Mithika alikuja mpaka mezani. Alizitazama pesa, akamtazama Muthamia, na uso wake ulikuwa na huzuni kubwa kuliko niliyowahi kuiona kwake. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Karani akaita mara ya pili. Bwana DO akatazama saa yake. Chifu akasema anayefuata, na Mithika akaenda mwenyewe kwenye kamba, akasimama karibu na Rwamba.

Kiende alipiga kelele, wakamshika. Mimi nilivuka uwanja nikamfikia Muthamia na nikamwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka mbele ya watu. Nilimwambia kwamba leo kamuuza ndugu yake kwa kijiti cha uzee. Alikuwa anaokota pesa zake mezani, sarafu moja moja.

Waliokwenda kambini walikwenda kwa miguu jioni hiyohiyo. Kambi ilikuwa bondeni, siku nzima ya mwendo, na sisi wengine hatukupata ruhusa ya kufika. Aliyepata ni Muthamia, kwa kuwa mzee hakuwa na kizuizi. Alikwenda mara nyingi, hilo nampa. Alibeba uji, alibeba nyama choma, alibeba dawa ya kifua aliyoinunua kwa Mhindi. Alisema Mithika aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawagawia wenzake, na hakumwambia neno baya hata moja. Wanaketi, alisema, wanaongea habari za baba. Mara moja alimwomba mkuu wa kambi amruhusu avunje mawe badala ya ndugu yake, na yule mkuu alicheka, akasema sheria haimruhusu kumtumikisha mzee.

Aliponisimulia hayo alilia. Nilikuwa bado na hasira, lakini nilimpa kiti.

Mithika alikufa kabla ya mvua. Rwamba ndiye aliyekuwa naye. Alisema Mithika alikohoa kutwa, damu ikaja, na jua lilipokuwa linashuka akaomba maji, akanywa, akalala kifudifudi juu ya mawe aliyoyavunja. Serikali haikuwa na gari la maiti. Mursal aliposikia alimtuma Kullow, dereva wake, na lori tupu, na hakutaka ujira. Kwa ajili ya maiti ile, waliokuwa wamebakiza siku chache waliachiliwa waje kuzika, Rwamba miongoni mwao. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulimteremsha ndugu yetu lorini, na alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa.

Kiende alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo mumewe alizikwa kwa sala, juu ya mteremko wake, mahali palipokuwa na udongo kidogo. Kwetu kaburi la mtu huchimbwa na rika lake. Wanaume wa rika la nyuma walikuja wote, hata waliokuwa wameuza mbuzi wao wa mwisho kulipa. Walivua mashati wakaanza. Ardhi ile ni mawe, na jembe lilikuwa likigonga na kulia.

Muthamia alikuwa amesimama kando. Alikuja bila koti. Waliposhika zamu ya pili akawaendea, akakunja mikono ya shati, akanyoosha mkono kwa Rwamba apewe jembe.

Rwamba, yule wa maneno mengi, siku ile hakuwa nayo. Alilishika jembe kifuani. Alimwamkia Muthamia kwanza, kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, kisha akasema:

"Keti, mzee. Wazee hawachimbi."

Muthamia akasema huyu ni ndugu yake. Akasema walizaliwa msimu mmoja, walinyonya titi moja, na kama si kisu wangekuwa rika moja. Nilitafuta ubaya kwenye nyuso za wale wanaume nisiuone. Walimsikiliza mpaka mwisho, wameinamisha vichwa, vile vijana wanavyomsikiliza mkubwa wao. Mmoja akaenda nyumbani kwa Kiende akaleta kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka pale ambapo wazee wengine walikuwa wameketi.

Akaketi. Angefanya nini? Mikono yake mikubwa ilikaa juu ya magoti, mikono ya kupanda miti, na alikuwa akitazama udongo unavyorushwa juu. Ni mtoto wa mama yangu, na nilimhurumia. Nilitaka kwenda kusimama nyuma ya kigoda chake, lakini sikwenda. Wale wanaume walichimba kwa zamu, wakapumzika, wakachimba tena, wakaitana majina, huyu ashike, yule anywe maji, mpaka kaburi likatosha. Muda wote huo hakuna aliyemwomba Muthamia chochote.